Kupenda bila kumweka Mungu katikati

"Kama huamini kuna Mungu, nani atakuzuia kuniacha?"

Mwenzangu aliniuliza hivyo wiki chache baada ya mimi kumweleza kwamba sina imani tena. Hakuwa akigomba. Aliuliza kwa sauti ya chini, akitaka kweli kujua. Usiku ule sikuwa na jibu. Leo tuna miaka 11 katika ndoa, yeye bado muumini, mimi bado si muumini, na ninawaandikia hasa wale walio mahali tulipokuwa sisi wakati ule.

Nianze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili mtu kama mimi anaitwa mkanamungu. Sasa fikiria kukana ni kitendo gani: mtu hukana kosa, hukana deni, hukana mwana. Ukimwambia mpenzi wako "mimi ni mkanamungu", anachosikia ni kwamba siku moja utamkana na yeye. Kwa hiyo nakushauri uanze na habari, jina lije baadaye. Mimi nilimweleza kwamba nilisali kwa miaka mingi, nikasoma, nikauliza, na imani ikaniishia bila mimi kuifukuza. Habari hiyo aliweza kuisikiliza.

Na umwambie mapema. Mimi nilichelewa miezi minane, nikiinamisha kichwa kila anaposali, na mpaka leo naijutia miezi ile kuliko jambo lolote katika uhusiano wetu. Kilichomuumiza zaidi ya kukosa kwangu imani ni kwamba alikuwa ameomba pamoja na mtu ambaye hakuwa akiomba. Alinihesabia siku zile moja moja.

Nilipata faraja katika habari za Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza aliyeeleza jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi. Kabla hajaposa, baba yake alimshauri azifiche shaka zake za kidini asimwambie mke. Hakumsikiliza, alimweleza Emma, mwanamke mwenye imani ya dhati, na wakaoana Januari 1839. Emma alimwandikia barua ya upole kuhusu hofu yake, na hofu kubwa ilikuwa kwamba wangetenganishwa milele baada ya kifo. Darwin aliitunza barua ile, na juu yake akaandika kwamba ameibusu na kuililia mara nyingi. Yeye hakujiita mkanamungu. Mwaka 1879 aliandika kwamba jina linalomfaa ni agnostiki, yaani mtu asiyedai kujua. Waliishi pamoja hadi kifo chake mwaka 1882. Barua ile haikuwahi kupata jibu la kumaliza mjadala, na wala hawakuhitaji kuumaliza ili wapendane.

Turudi kwenye swali la mwenzangu. Nani atanizuia?

Nikiwa bado muumini, kabla sijakutana naye, nilimdanganya mchumba niliyekuwa naye kuhusu fedha. Fedha zilikuwa zake, nilizitumia, nikasema zimepotea. Dhamiri ilinisumbua, nikapiga magoti, nikalia, nikatubu, na asubuhi niliamka mwepesi kabisa. Yeye hakusikia neno. Nilikuwa nimesamehewa kosa ambalo aliyekosewa hakulijua. Najua dini nyingi zinafundisha kwamba umtake radhi kwanza uliyemdhulumu, kwa hiyo kosa silitupii dini, ni langu. Lakini njia ile ya mkato ilikuwepo, na mimi niliipita.

Sasa haipo. Nikimkosea mwenzangu, mwenye uwezo wa kunisamehe ni mmoja tu, na amekaa upande wa pili wa meza. Anaweza kukataa. Anaweza kusema bado hajawa tayari, nami nikalala na uzito wangu mpaka atakapokuwa tayari. Hapa ndipo nilipojifunza mengi kuhusu mapenzi, na nikikupa ushauri mmoja tu katika makala hii nzima utakuwa huu: jifunze kuomba radhi kwa kulitaja kosa lenyewe. Usiseme "samahani kama nimekukwaza." Sema "nilisema uongo kuhusu jambo hili, siku ile, kwa sababu niliogopa." Inauma kusema hivyo. Mwenzako naye ataujua ukubwa wa jambo analoombwa kusamehe.

Kuna wanaotoka kwenye imani wakidhani kila kizuizi kimeondoka nayo. Nimewaona, na wengine wamewaumiza watu vibaya. Usaliti haukuwa mbaya kwa sababu tu uliandikwa katika orodha ya dhambi. Mtu uliyempa ahadi amepanga maisha yake juu ya neno lako, na ukilivunja, maisha yake ndiyo yanayoporomoka, iwe kuna hukumu mbinguni au haipo.

Basi jibu nililompa hatimaye, baada ya muda mrefu, lilikuwa hili: hakuna wa kunizuia. Nipo kwa sababu nataka kuwa na wewe. Alinyamaza, kisha akasema jibu hilo linamtisha na linamfurahisha kwa pamoja. Nilimwelewa. Watu husema umepata ubavu wako, kwamba mlikwisha kuandikiwa, na maneno hayo yana joto lake. Mimi siwezi kuyasema. Tulikutana kwa sababu mtu mmoja alikosa safari, na tungeweza kabisa kupishana. Kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwa niaba yangu kwamba yeye ndiye, inabidi nimwambie mwenyewe, kwa mdomo, na kwa kuamka usiku mtoto anapolia. Kama huamini majaliwa, usiwe bahili wa maneno.

Utaulizwa pia kama kwako mapenzi ni kemikali tu. Oksitosini ni homoni inayosaidia uzazi na kutoa maziwa ya mama, na inahusika pia katika kuwaunganisha watu wanaopendana. Hakuna anayemwambia mama anayenyonyesha kwamba upendo wake ni wa bandia kwa sababu kuna homoni inayofanya kazi. Kujua mwili unavyopenda hakujanipunguzia chochote.

Kuhusu harusi sitasema mengi. Ndoa ya kiserikali si jambo geni. Ufaransa iliiweka katika sheria mwaka 1792, na Uingereza ikapitisha sheria yake mwaka 1836. Sisi tulitia saini mbele ya msajili, kisha jamaa zake wakasali, nami nikasimama pamoja nao kimya. Kitu kimoja nilikikataa: kutamka kiapo nisichokiamini. Zungumzeni haya kabla ya kutangaza tarehe. Kuhusu watoto, tulikubaliana kwamba yeye atawafundisha sala, na siku watakayoniuliza mimi naamini nini, nitawajibu ukweli bila kuidhihaki imani ya mzazi mwenzangu. Wameshauliza. Ilikwenda vizuri kuliko tulivyohofia.

Kifo ndicho kigumu. Mwanaastronomia Carl Sagan alipofariki Desemba 1996, mkewe, Ann Druyan, aliandika baadaye kwamba wote wawili walijua hawataonana tena, na kwamba kwa sababu hiyo kila siku waliyokuwa pamoja waliiona kuwa bahati kubwa. Mimi nami naishi hivyo. Mwenzangu anaishi akitarajia tutakutana tena. Mama yake alipofariki, alinitazama akingoja niseme kwamba yuko mahali pema, na sikuweza. Nilimshika mkono nikamwambia namna mama alivyokuwa akinipokea mlangoni, akilitaja jina langu kabla sijabisha. Akalia, akaniegemea. Msibani usimsahihishe mtu, na usiseme uongo pia. Eleza unavyomkumbuka marehemu, kisha kaa naye hadi usiku uishe.

Baada ya msiba ule tulizungumza kuhusu mazishi yangu. Nilimwambia nikitangulia aniombee kama moyo wake utakavyomtuma, na watu wake waimbe wanavyotaka, kwa sababu wao ndio watakaohitaji kufarijiwa. Ombi langu ni moja: asiruhusu mtu yeyote asimame aseme kwamba nilitubu dakika za mwisho. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akachukua daftari analoandikia mambo ya nyumba, akaliandika.