Vidole vimekakamaa, sasa kifua: damu inaweza kuonyesha?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama angu anauza dagaa Mwaloni Kirumba, ngozi ya vidole imekakamaa na akishika maji ya baridi vinakuwa vyeupe, kaambiwa ni skleroderma. Sasa ana kikohozi kikavu na akipanda kilima cha nyumbani anahema sana. Kuna kipimo cha damu cha kujua kama mapafu yana makovu? Msomaji, Mabatini

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Vipo, ila hakuna kinachotosha peke yake. Skleroderma ni kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, kwahiyo anza na kingamwili za Scl-70, yaani askari wa kinga wanaoonekana kwenye damu, akiwa nazo hatari ya makovu inakuwa kubwa kuliko kwa mwenye zile za sentromia, aina nyingine ya kingamwili za ugonjwa huu. Halafu kuna KL-6 na SP-D, hizi ni protini za seli za vifuko vya hewa, seli zikiumia protini zinavuja kwenye damu kwahiyo kiwango kinapanda, lakini KL-6 inapimwa zaidi Japani na mimi nisingependa mhangaike kuitafuta wakati mama anahema hivyo.

Pesa mliyonayo wekeni kwenye siti skani ya kifua, ndo inaonyesha makovu yenyewe, pamoja na kile kipimo cha kupuliza kwenye mashine kuona mapafu yanafanyaje kazi. Eksirei ikitoka safi msitulie, makovu ya mwanzo inaweza isiyaone kabisa! TB nayo apimwe. Dawa za kutuliza kinga ya mwili kama maikofenoleti hazifuti kovu ila zinapunguza kasi, kwahiyo ombeni rufaa ya hospitali ya Bugando wiki hii, msisubiri.