Jenereta ya nyumbani ikizidiwa, usikimbilie kusema ni ndogo

Wadogo zangu mnaoanza ufundi umeme, hii kesi mtakutana nayo mpaka mchoke: umeme ukikatika jenereta inawaka fresh, ikishapokea nyumba tu inaanza kuhema kama lori linapanda mlima, taa zinafifia, halafu breka inatripu, yaani inajikata yenyewe. Mwenye nyumba keshaamua jenereta ni ndogo. Mimi kipindi naanza nilikubali haraka haraka, nikamwambia mtu anunue kubwa, akanunua, na tatizo likabaki palepale aisee, aibu yake hadi leo naikumbuka.

Kilichonipiga chenga ni mota. Nilikuwa najumlisha wati zilizoandikwa kwenye vifaa basi, kumbe friji, pampu ya maji na kiyoyozi vikiwa vinaanza kuzunguka vinaweza kuvuta ampia mara 3 mpaka 6 ya zile za kawaida, ni muda mfupi tu ila jenereta haina msuli kama gridi. Sasa chenji ova ya otomatiki, ile swichi inayotoa nyumba kwenye gridi na kuipeleka kwenye jenereta, inahamisha nyumba nzima kwa mpigo, mota zote zinaamka pamoja! Pale kwa yule bwana kapasita ya pampu, ile inayoipa mota msukumo wa kuanza, ilishakufa, mota inaguna tu haizunguki huku inavuta umeme mwingi, nikaweka kapasita mpya kimya.

Kwa hiyo ukifika zima breka zote za ndani, acha jenereta izunguke tupu, isikilize, pima volti na hezi (masafa ya umeme). Kama tupu tu na bado resi inapanda inashuka, angalia filta ya hewa, mafuta na gavana (kile kinachoshikilia kasi ya injini), nyumba haina kosa. Kama iko sawa, washa kimoja kimoja, mota kubwa kwanza, klampu mita, ile ya kubana waya kupima ampia, ikiwa kwenye waya, kile ambacho kikiingia volti zinaporomoka na hazirudi ndo mchawi wako.

Halafu hii ya kVA, yaani volti mara ampia kwa maelfu, inawachanganya wengi. 5 kVA kwa pawa fakta (sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli) ya 0.8 ni wati 4,000, sio 5,000, kwa hiyo birika la wati 2,000 peke yake limekula nusu. Na kama ni ya fezi tatu pima kila fezi, unakuta jumla iko poa ila mzigo wote umelalia fezi moja.

Kitu kimoja nakataza kabisa, kuweka breka kubwa zaidi ili isitripu. Ile breka inalinda waindingi, zile koili za waya ndani ya jenereta, ukiidanganya mteja atafurahi kwa muda halafu anakupigia anasema kuna harufu ya kuungua. Afadhali kagua kwanza kama skrubu zake zimelegea, jenereta ikiwa imezimwa lakini, maana terminali ikilegea inapata joto na breka inatripu bure.

Ukishapata mchawi, mara nyingi dawa ni taima, pampu na kiyoyozi viingie kwa zamu badala ya vyote pamoja, na birika na pasi watu wazoee kusubiri.