Bima ya safari: tuliandika "hapana" kuhusu presha ya mama

Ndugu wa Kakamega, umeuliza kama baba yako wa miaka 67, mwenye sukari na presha, ajibu "hapana" kwenye swali la maradhi katika fomu ya bima ya safari. Anakwenda Uholanzi kumwona dadako, na ajenti amekwambia ubalozi hauangalii huko, mradi karatasi ionyeshe euro 30,000.

Kuhusu ubalozi, ajenti hajakudanganya. Viza ya Schengen, ile ya kuingia Uholanzi na nchi nyingine nyingi za Ulaya, inadai bima ya angalau euro 30,000, inayofanya kazi nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari, ikilipia matibabu ya dharura na kumrudisha mtu kwao akiugua au akifariki. Ile karatasi ya ukurasa mmoja itampatia mzee viza. Lakini akilazwa, kampuni itafungua kile kijitabu cha masharti ambacho sisi wote hutupia kwenye droo.

Sisi tuliandika "hapana". Mama yangu anaishi hapa Kisumu, na wakati huo alikuwa na presha mwaka wa tisa. Nilipomsomea swali alicheka. "Nyathina (mwanangu), hiyo si ugonjwa, hiyo ni dawa yangu ya asubuhi." Nikamkubalia, maana mama kweli haonekani mgonjwa: hupanda boda hadi Kibuye, akabishana bei ya samaki, akarudi na kikapu chake mwenyewe. Ila fomu haikuuliza kama anajisikia mgonjwa. Iliuliza kama amewahi kupimwa, kushauriwa au kupewa dawa ya ugonjwa wowote katika miaka ya karibuni. Kwao kidonge cha kila asubuhi ni matibabu, hata presha ikiwa imetulia kama maji ya mtungi.

Siku ya kumi na moja Ujerumani alipatwa na kizunguzungu, akaanguka jikoni kwa dada yangu. Presha ilikuwa juu, akalazwa siku tatu. Kampuni haikukataa papo hapo. Ilikuwa na adabu sana. Iliomba tu rekodi za kliniki. Mnayajua yale madaftari ya kliniki: kila tarehe, kila kipimo, kila dawa, kwa mwandiko wa nesi. Humo ilikuwemo pia kwamba wiki sita kabla ya safari daktari alikuwa amempandisha dawa yake ya presha, amlodipine, kutoka miligramu 5 hadi 10. Dai likafa hapo. Shemeji alilipa bili kwa awamu, na mpaka leo akinipigia simu huwa napokea kwa sauti ya chini.

Nilitaka kulalamika kwa IRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Nikajiuliza, nilalamike nini? Anayenunua bima ndiye anayetakiwa kusema anachokijua kuhusu afya yake, na aliyeandika "hapana" ni mimi.

Safari ya pili tulianza kwa daktari kabla ya ajenti. Alituandikia barua: ugonjwa, mwaka ulipogunduliwa, dawa kwa majina yake ya kitabibu, dozi, vipimo vya karibuni, na tarehe dozi ilipobadilishwa mwisho. Hiyo tarehe ndiyo wanayoitafuta. Kampuni nyingi hutaka ugonjwa uwe umetulia kwa muda fulani, nyingine siku 90, nyingine miezi 6, na dozi ikipanda huhesabiwa kuwa haujatulia. Hata ikishuka kwa sababu amepata nafuu inaweza kuhesabiwa hivyo. Kwa hiyo mzee aende kliniki sasa, asingoje wiki ya ndege. Ikibidi dozi iguswe baada ya kununua bima, iguswe, afya kwanza, lakini kampuni iambiwe siku hiyohiyo. (Na kama anakunywa manyasi, zile dawa za mitishamba, kwa siri, amwambie daktari hilo pia.)

Kampuni ya kwanza ilikubali kutuuzia, ila ikaitoa kwenye bima presha "na chochote kinachotokana nayo". Hayo maneno ya mwisho yanabeba kiharusi, moyo na figo. Ni kama kumuuzia mvuvi wa Dunga jaketi la kuokolea halafu umwambie asiingie nalo majini. Ya pili iliikubali presha kwa nyongeza ya bei, kwa dharura peke yake, tena kwa kikomo kilicho chini ya kile kikubwa cha kwenye karatasi. Dawa zikimwishia huko, au akitaka kupimwa tu, ni juu yetu. Nyongeza ilikaribia nauli ya ndege ya Kisumu hadi Nairobi. Nililipa, nikadai yote yaandikwe kwenye bima yenyewe, maana "haina shida" ya kwenye simu huwezi kuipeleka kwenye dai.

Mzee abebe dawa ndani ya pakiti zake pamoja na barua, kwenye mkoba wa mkononi. Kama anadunga insulini, isipakiwe na mizigo ya chini ya ndege, ikiganda imeharibika.

Na huyo ajenti wako, mwombe akuandikie kwa barua pepe kwamba mteja mwenye sukari ajibu "hapana". Wangu nilimwomba hivyo safari ya pili. Hakuandika, alinipigia simu.