Nta iliyoganda kwenye plastiki nyeusi za gari: iondoe kwanza, ndipo uchague cha kulinda rangi

Mkuu, nimesoma swali lako lote. Una Subaru XV ya bluu, kijana wa kuosha magari kaipiga nta ya kopo saa sita mchana, na sasa plastiki nyeusi za juu ya matairi na zile za chini ya milango zina madoa meupe ambayo sabuni haiyagusi. Umeambiwa upake mafuta ya taa. Pia unauliza kama uachane na nta kabisa uende seramiki, ile kinga ya majimaji inayopakwa juu ya rangi na kuganda. Kazi yangu ni kusafisha na kung'arisha magari hapa Dar, na XV huja sana na shida hii kwa sababu plastiki zake zote za pembeni hazina rangi wala klia, ule utando angavu unaopigwa juu ya rangi.

Mafuta ya taa usipake. Dizeli usipake. Silikoni ya matairi nayo iweke kando kwa sasa. Vyote vitatu vinafanya plastiki ionekane nyeusi kwa siku chache huku nta ikiwa bado ipo chini yake, kisha vumbi la barabarani linanasa kwenye yale mafuta na doa linarudi likiwa na rangi ya udongo. Mafuta ya taa na dizeli pia yanavimbisha na kulegeza raba za madirisha na milango, na raba ikishalegea mvua ya masika inaingia ndani.

Plastiki ile si laini. Pitisha kucha utasikia inakwaruza. Nta nyingi za kopo zina unga mwembamba wa kusugulia uliochanganywa na kiyeyushi. Kwenye rangi unafuta, unatoka. Kwenye plastiki kiyeyushi kinaruka, nta na unga vinabaki vimekaa kwenye vile vitundu, na kitambaa kikavu kinapita juu juu bila kuvifikia. Ndiyo maana kusugua kwa nguvu hakusaidii: nta inatakiwa ilainike kwanza ndipo ibebwe.

Kabla hujanunua chochote, nyunyizia maji sehemu yenye weupe uangalie vizuri. Maji yakijikusanya matone matone na kuteleza, hapo kuna nta. Yakitandaa, plastiki ikawa nyeusi sawasawa, halafu ikirudi kijivu inapokauka, hiyo si nta, ni plastiki iliyopauka kwa jua, na dawa yake ni nyingine. Magari mengi yaliyotumika yana vyote viwili kwenye kipande kimoja, kwa hiyo pima sehemu kadhaa.

Sasa kazi yenyewe. Weka gari kivulini, plastiki iwe imepoa. Osha vumbi lote litoke, maana ukisugua na mchanga juu yake utaichubua plastiki na rangi iliyo jirani. Bandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi kwenye ukingo wa bodi. Chukua maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, weka sabuni ya kuoshea vyombo, lowesha kitambaa kisha kiache kimelala juu ya doa dakika chache. Nta ya kanauba huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80, kwa hiyo maji hayo hayaiyeyushi, yanailainisha tu, na hiyo inatosha. Kisha tumia sabuni ya magari ya matumizi mengi, sehemu moja kwa kumi za maji, na mswaki laini. Zungusha mswaki taratibu, halafu piga mistari mifupi kwenda na kurudi. Utaona povu jeupe linageuka rangi ya maziwa yaliyochafuka. Hiyo ndiyo nta inatoka. Futa povu kwa kitambaa cha maikrofaiba kabla halijakauka, geuza upande safi, rudia. Usiache povu likauke, litakuachia alama mpya.

Madoa yaliyogoma yafuate na alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 kutoka duka la dawa. Lowesha kitambaa, usimwagie gari. Vitakasa mikono usitumie, vingi vina gliserini na vinaacha utando. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, na kama fenda imewahi kupigwa rangi upya gereji uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu rangi ambayo haijakomaa inaweza kulainika. Kwa vidoa vidogo kwenye kona za vioo vya pembeni, ufutio mweupe wa wanafunzi unafanya kazi nzuri ajabu: unaing'oa nta bila kemikali yoyote.

Utasikia pia habari ya siagi ya karanga. Inafanya kazi kweli, mafuta yake yanalainisha nta na chembe zake zinasugua, ila baadaye una kazi ya kutoa mafuta ya karanga, na harufu juani si ya kufurahia. Bunduki ya hewa ya moto iache. Hiyo ni kwa plastiki iliyopauka, na hata hapo fundi asiyeijua anaikunja.

Ukimaliza, nyunyizia maji tena. Yakitandaa kote bila matone, nta imekwisha. Hapo ndipo unapaka kinga ya plastiki, na mimi ningechagua ile ya kuganda yenye silika (kemikali ya jamii ya kioo) badala ya silikoni ya mafuta. Inaziba vile vitundu, haishiki vumbi, na siku nyingine nta ikigusa hapo unaifuta kwa kitambaa chenye maji.

Upande wa rangi. Nta ya kanauba inatokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Inang'arisha kwa uzuri ambao mimi binafsi bado naupenda, hasa kwenye rangi nyeusi na bluu kama yako, lakini kwa jua la Pwani hesabu wiki kadhaa, ukibahatika miezi miwili. Silanti, yaani kinga ya kutengenezwa kiwandani kwa polima, inakaa miezi kadhaa, haina unga mwingi, na ni rahisi kupaka. Seramiki halisi inashikamana na klia na inaweza kukaa miaka. Zile chupa za kupulizia zilizoandikwa seramiki ni bidhaa nyingine. Nyingi zina silika kidogo na unazihesabu kwa miezi, ingawa si mbaya.

Kuhusu "9H" ya seramiki, uliyoambiwa kwamba gari halitakwaruzika tena, hapo nakuomba uwe makini maana watu wanatoa pesa nyingi kwa neno hilo. 9H ni kipimo cha penseli: wanachukua penseli za ugumu tofauti na kuona ipi inakwaruza utando. Haina uhusiano na kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, ambako almasi ni 10. Mchanga wa barabarani una madini ya quartz, ambayo ni 7 kwa Mohs, na unakwaruza seramiki yoyote ukiburuzwa na kitambaa kichafu. Seramiki inazuia uchafu usishike na inapunguza madhara ya kinyesi cha ndege na utomvu. Kokoto haizuii. Kokoto inazuiwa na filamu ya PPF, ile plastiki ya poliyurethani inayobandikwa, na kwa bei yake ningeiweka bampa ya mbele na ukingo wa boneti tu, kama unasafiri sana barabara za vumbi.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni maji. Huku Pwani visima vingi vina maji ya chumvi na chokaa. Seramiki inayafanya maji yasimame kama shanga, na shanga hizo zikikauka juani kila moja inaacha duara la chokaa. Nimeletewa magari yenye seramiki ya gharama yaliyojaa maduara kuliko gari lisilo na kitu. Yakiwahiwa, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inayatoa, kisha suuza vizuri. Yakikaa, yanaichimba klia na unahitaji mashine ya polishi. Na ile sabuni ya unga ya kufulia wanayotumia vijana wengi inaondoa nta na silanti mapema kabla ya muda wake, achilia mbali kitambaa kimoja kinachotoka kwenye rimu na kupanda kwenye boneti.

Umesema gari linalala nje, chini ya mwembe, na linaoshwa barabarani. Kwa hali hiyo ningekushauri silanti sasa, upake mwenyewe kivulini, tabaka jembamba, paneli moja moja, na tepu kwenye kingo za plastiki. Nunua shampoo ya magari, ndoo mbili na taulo kubwa la kukaushia, uwape haohao vijana watumie vyako. Wengi wanakubali bila shida ukiwaeleza vizuri. Kinyesi cha popo na ndege kilowekwe na kitolewe siku hiyohiyo, kisisubiri Jumamosi. Ukiona uoshaji umetulia na mikwaruzo haiongezeki, hapo seramiki itakuwa na maana, na fundi atakayekubali kuipaka bila kwanza kuisafisha rangi kwa udongo maalumu na kuipiga polishi umkimbie, kwa sababu kila mkwaruzo utafungiwa chini yake.

Tuwekee picha ya zile plastiki zikiwa zimelowa, pamoja na picha ya jina la hiyo nta kwenye kopo. Kama imeandikwa kuwa ina kisafishaji ndani, anza moja kwa moja na mswaki na sabuni, alkoholi ibaki ya mwisho.