Riale za Maria Theresa za urithi: jua thamani yake kabla sonara hajakutajia bei

Katika nyumba za Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba, na kwa ndugu zetu walioko Omani, mzee akifariki hukutwa sandukuni kifuko cha sarafu kubwa nzito zenye sura ya mwanamke mnene aliyejifunika ushungi. Hizo ni riale za Maria Theresa, mtawala wa Austria, ambazo wazee waliziita riale za Shamu. Warithi wakisoma mwaka 1780 hudhani wameokota hazina. Wakizipeleka kwa sonara, yeye huzitupia mizanini zote pamoja na kutaja bei ya fedha chakavu. Ukweli huwa katikati, na unaweza kuupata mwenyewe mezani kwako kwa mizani ndogo, kikombe cha maji na kioo cha kukuzia.

Jambo la kwanza la kukubali ni kwamba mwaka 1780 hauonyeshi umri wa sarafu. Maria Theresa alifariki tarehe 29 Novemba 1780. Wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na Bahari ya Shamu walikuwa wameshaizoea sura yake kiasi cha kuikataa sarafu nyingine, kwa hiyo Austria ikaendelea kuipiga ileile, kwa mwaka uleule. Mwaka 1935 Italia ilipata haki ya kuipiga Roma kwa ajili ya Uhabeshi. Haukupita muda Uingereza nayo ikazipiga London, na baadaye Birmingham na Bombay. Vienna inazipiga mpaka leo. Zote ni fedha halisi ya kiwango kilekile, na idadi yake ni mamia ya mamilioni. Ndiyo maana riale nyingi thamani yake ni ya madini yaliyomo, na nyongeza kidogo juu yake.

Kabla ya kupima chochote, orodhesha. Hili ni muhimu zaidi pale mirathi haijagawanywa. Ipe kila sarafu namba, ipige picha pande zote mbili na ukingo wake, andika uzito, kipenyo, maandishi na alama yoyote ya ziada, warithi wengine wakiwepo. Kugawana kwa kuhesabu, "wewe kumi, mimi kumi", ndiko kunakozaa ugomvi baadaye, maana katika riale ishirini moja inaweza kuzidi thamani ya kumi na tisa zilizobaki. Mkipenda kugawana kwa idadi, basi zile za pekee zitengwe kwanza na zithaminiwe peke yake.

Sasa pima. Mizani ya jikoni haifai. Tumia ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Riale kamili ina gramu 28.07, kipenyo cha milimita 40 hivi, na fedha ya kiwango cha 833 katika 1,000. Fedha safi iliyomo ni gramu 23.39, sawa na 0.752 ya aunsi ya troi, ile ya kupimia madini ya thamani. Kwa hiyo tafuta bei ya fedha ya dunia kwa aunsi siku hiyo, izidishe kwa 0.752. Kwa mfano, aunsi ikiwa dola 40, riale moja ina fedha ya dola 30.08. Ikiwa imelika kwa kupita mikononi mwa watu, tumia uzito wake halisi: zidisha gramu kwa 0.8333, kisha gawanya kwa 31.1035, yaani gramu za aunsi moja ya troi. Riale ya gramu 27.60 inabaki na aunsi 0.739.

Hapo ndipo wengi wanapopunjwa. Mnunuzi husema, "Hii si fedha safi," na kweli si safi, kisha anaihesabu kama ya kiwango cha 500. Mwambie waziwazi kwamba ni 833, na umwombe apige hesabu mbele yako. Hakikisha pia mnazungumzia aunsi ya troi ya gramu 31.10, si aunsi ya kawaida ya gramu 28.35.

Uzito peke yake hauthibitishi kitu, kwa sababu mghushi anaweza kuinenepesha sarafu ya shaba hadi ifike gramu 28. Kipimo tunachokiamini kuliko vyote ni cha maji. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote, ikiwa inaning'inia bila kugusa chini wala kando. Namba itakayosomeka ndiyo ujazo wake. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Riale halisi ya gramu 28.07 husoma karibu 2.75, na jibu la mgawanyo ni 10.2. Kwa uzito huohuo, mchanganyiko wa shaba na nikeli utasoma kama 3.15, shaba ya njano 3.3, na risasi karibu 2.5. Kama namba imekuja kubwa kuliko ulivyotarajia, angalia kwanza mapovu ya hewa: hujificha kwenye mikunjo ya ushungi na manyoya ya tai. Tikisa uzi taratibu, usome tena. Namba ikiruka hadi kumi na zaidi, sarafu imegusa chini ya kikombe. Sarafu iliyochomelewa kikuku cha kuvalia haitatoa jibu la kuaminika kwa njia hii, kwa kuwa lehemu ni madini mengine.

Sumaku nayo ni ya kukatalia tu. Riale inayonasa kwenye sumaku ni bandia. Isiyonasa bado haijathibitika, maana shaba pia hainasi.

Kisha geuza ukingo. Riale ya Maria Theresa haina mistari midogo midogo kama shilingi. Ina maneno yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, yakitenganishwa na mapambo. Bandia za kumiminwa kwenye kalibu huonyesha herufi zilizovimba au kufifia, na mara nyingine mshono unaozunguka ukingo mzima. Kwa upande wa sura, chini ya kifua tafuta herufi S.F., na begani tafuta bizimu yenye lulu ndogo. Wafanyabiashara wa zamani walizihesabu lulu hizo moja moja kabla ya kupokea malipo. Upande wa tai mwenye vichwa viwili, baada ya 1780 pana alama ya msalaba wa kulala kama X. Umbo la msalaba huo, la bizimu na la mkia wa tai ndilo linalowasaidia wataalamu kutenganisha kiwanda na kiwanda. Usijaribu kulimaliza peke yako. Kazi yako ni kugundua ile isiyofanana na wenzake na kuiweka kando.

Za kuweka kando ni zipi? Yenye mwaka wa kabla ya 1780, kwa kuwa huo ndio mwaka wake wa kweli. Yenye chapa ndogo iliyogongwa juu yake: zipo zilizogongwa Hejazi na Najdi huko Uarabuni, na zipo za Msumbiji zenye herufi PM chini ya taji. Chapa hizi huongeza thamani, lakini zinaghushiwa sana, tena juu ya riale halisi, hivyo kipimo cha maji hakitakusaidia. Riale yenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili na mwaka wa hijria 1299 ni ya Seyyid Barghash wa Zanzibar, ya 1882; hiyo usiipime kwa bei ya madini hata kidogo. Usiichanganye na pesa zake za shaba zenye picha ya mizani za mwaka huohuo, ambazo ni nyingi na rahisi.

Kifuko kimoja huchanganya mengi. Riale ya mzinga ya Kihispania ina gramu 27 hivi na ukingo wa duara na mistatili. Faranga tano za Kifaransa zina gramu 25, kiwango 900. Rupia za Kihindi za kabla ya 1940, za Kijerumani na ile ya Imperial British East Africa Company ya 1888 zina gramu 11.66, kiwango 917, aunsi 0.344. Shilingi ya simba ya Afrika Mashariki ya 1921 na miaka iliyofuata ina robo tu ya fedha, na ile ya kuanzia 1948 haina kabisa.

Tunaomba sana: usisafishe. Weusi ule ni ngozi ya sarafu, na mkusanyaji anaulipia. Majivu, ndimu, dawa ya meno, magadi na asidi ya sonara huacha mikwaruzo na mng'aro wa uongo ambao hauondoki tena. Kama ina tope au mafuta, iloweke kwenye maji safi ya vuguvugu, uikaushe kwa kuikandamiza kwa kitambaa laini, bila kusugua. Usiifunge kwa mpira wala kuiviringisha kwenye gazeti, na epuka mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali, kwani baada ya muda hutoa utando wa kijani unaokula fedha. Kwa joto na chumvi ya pwani, kopo linalofunga vizuri lenye vipakiti vya kufyonza unyevu linatosha.

Mkufu wa riale uliosukwa na sonara wa zamani usiuvunje. Sarafu yenye tundu au kikuku, ikiwa peke yake, inarudi kwenye bei ya madini. Mkufu mzima una thamani ya kazi ya mkono, na hiyo hupotea siku ya kuukata.

Kwa bei ya soko, tazama mauzo yaliyokamilika kwenye minada ya mtandaoni, si bei ambazo wauzaji wanaomba. Kuituma riale ya kawaida kwa kampuni za kupanga daraja la ubora wa sarafu kama NGC au PCGS hakulipi, gharama itapita nyongeza utakayopata. Peleka zile ulizotenga tu. Kwa riale za kawaida, ukitajiwa chini ya asilimia 80 ya thamani ya madini, shukuru na umwendee mwingine. Na kama mnunuzi yuko nje ya nchi, ulizia kwanza ofisi ya mambo ya kale au makumbusho kuhusu kibali cha kusafirisha vitu vya kale, upate jibu kwa maandishi, kwa sababu ofisa wa forodha atausoma ule 1780 kama ulivyoandikwa.