Swali la Lugha: Ziara Kuu, Utalii Mkubwa au Safari Kuu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari. Ninaandaa somo fupi kwa Kiswahili kuhusu desturi ya vijana wa kiume wa koo tajiri za Uingereza, hasa katika karne ya 18, ya kwenda Ufaransa na Italia kwa miaka miwili au mitatu ili kukamilisha elimu yao. Vitabu vya nje huiita desturi hiyo Grand Tour. Nimeandika hivi: “Kijana wa kibwanyenye alichukua ziara kubwa kupitia Ulaya akiwa na tyuta wake.” Mwenzangu wa Idara ya Kiswahili amesoma akaguna, akashauri niandike “utalii mkubwa”. Je, jina lipi linafaa, na kuna kasoro gani nyingine?

JIBU: Ndugu Mwalimu, sentensi yako ina maneno 12 tu, lakini karibu kila neno lina kesi yake. Nitaanza na jina, kwa kuwa hilo ndilo uliloliuliza na ndilo litakalobaki ubaoni.

Jina lenyewe ni la Kifaransa hata linapotoka kinywani mwa Mwingereza. Grand ni kubwa au kuu, tour ni mzunguko, na ukilifuatilia neno hilo la pili hadi Kilatini na Kigiriki utakuta limetokana na jina la kerezo, yaani chombo ambacho fundi huzungushia mti ili auchonge uwe mviringo. Katika maandishi ya Kiingereza jina hili huonekana mapema katika kitabu cha Richard Lassels, padri Mkatoliki aliyefika Italia mara tano, tena akiwa msimamizi wa vijana wa aina hiyohiyo unayowaandikia. Kitabu hicho kilichapwa Paris mwaka 1670, yeye akiwa ameshafariki. Lassels alimsifu mtu aliyefanya Grand Tour ya Ufaransa na Giro ya Italia, na giro kwa Kiitalia ni mzunguko vilevile. Kwa hiyo hapo mwanzo jina lilihusu nchi moja tu, kisha likapanuka likazifunika zote. (Wapenzi wa mashindano ya baiskeli watakuwa wameshatabasamu: mashindano makubwa ya Ufaransa na ya Italia yanabeba maneno yayo hayo mawili hadi leo.)

Je, tuseme basi “Mzunguko Mkuu”? Sishauri. Katika Kiswahili cha leo nomino “mzunguko” imeshikwa na damu, fedha na magurudumu, na mwanafunzi atakayesoma “Mzunguko Mkuu” atadhani amefungua kitabu cha Biolojia. Kitenzi “kuzunguka” ni jambo jingine, nami nitakirudia.

Neno lako, “ziara”, lina haki ya kusikilizwa, kwa sababu watu wengi wangelichagua, na tayari tunalo fungu la maneno “ziara ya mafunzo”, ambalo linaonekana kama limekatwa kwa kipimo cha jambo hili. Hata hivyo, ziara ina mambo mawili ndani yake. Kwanza, ni ya kwenda kwa mtu au mahali fulani panapojulikana tangu mwanzo: Rais hufanya ziara mkoani, wanafunzi hufanya ziara ya mafunzo kiwandani, na waumini wa Lamu wakati wa Maulidi hufanya ziara kwenye kaburi la Habib Swaleh. Matumizi haya ya mwisho ndiyo yaliyo karibu zaidi na asili ya neno katika Kiarabu. Pili, ziara ni fupi, nayo huwa na mwenyeji anayesubiri. Sultani Barghash wa Zanzibar alipokwenda London mwaka 1875, ile ilikuwa ziara hasa, kwa sababu alialikwa, akapokewa, akakirimiwa, akarudi. Kijana wa Kiingereza aliyeshuka Calais, bandari ya Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 18 na asionekane tena nyumbani mpaka atimize 21 hakuwa katika ziara kwa maana hiyo, ingawa ndani ya safari yake alifanya ziara nyingi.

Sasa nije kwa mwenzako aliyeguna. Ninakubaliana naye kwa sababu ambayo huenda hakuikusudia. “Kutalii” kumetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusoma kwa makini, kupitia kitabu ukurasa kwa ukurasa, na katika Kiswahili cha zamani kutalii kulikuwa kuchunguza na kudadisi kabla hakujawa kupanda gari la kwenda mbugani. Katika maana hiyo ya kale, hakuna watu waliotalii kama wasafiri hawa, angalau wale waliokwenda kwa nia njema. Walikuwa wamelishwa Kilatini tangu utotoni, kisha wakaenda kukisoma tena kwenye mawe. Magofu ya miji ya kale ya Kirumi iliyo karibu na Napoli yalianza kufukuliwa, ya Herculaneum mwaka 1738 na ya Pompeii mwaka 1748, hivyo Napoli, iliyokuwa ikitembelewa kwa ajili ya mlima wa volkano wa Vesuvius na hali yake ya hewa, ikawa darasa. Mwanahistoria Mwingereza Edward Gibbon, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa ameketi kwenye magofu ya kilima cha Capitol mjini Roma tarehe 15 Oktoba 1764, watawa wakiimba sala za jioni, wazo la kuandika historia ya kuporomoka kwa Roma lilipomjia. Huko ndiko kutalii.

Lakini lugha haiendeshwi kwa asili ya maneno peke yake. Ukiandika “utalii mkubwa” leo, msomaji wa Arusha au Malindi ataona hoteli, viingilio na mapato ya fedha za kigeni, na kivumishi “mkubwa” kitamfanya afikirie wingi wa wageni. Sikatai kwamba vijana hawa walikuwa na utalii wa aina hiyo pia: Roma walijipanga kwa Pompeo Batoni awachore picha wakiwa wamesimama kwa maringo kando ya masanamu ya kale, na Venezia walinunua michoro ya Canaletto kuonyesha mifereji waliyoipita, jambo ambalo halitofautiani sana na kununua kinyago cha kupeleka nyumbani. Tena neno la Kiingereza la mtalii lilizuka mwishoni mwa karne hiyohiyo ya 18, kutokana na tour hiyohiyo. Kwa hiyo kitenzi “kutalii” kitumie ndani ya somo, na ukiweza uwaeleze wanafunzi maana yake ya zamani, maana watalipenda; ila kichwa cha habari usikipe neno hilo.

Linabaki “safari”, nami ninalichagua bila kusita. Wapo wanaoliogopa kwa sababu Wazungu wamelichukua wakalipunguza, likawa kwao kwenda kutazama au kuwinda wanyama, na sasa baadhi yetu tunalitazama neno letu wenyewe kwa macho ya kuazima. Kwa Mswahili, safari ni mwendo wowote wa mbali, uwe wa miguu, wa jahazi au wa ndege. Selim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi kaskazini ya mbali mwaka 1896, aliiita habari yake, iliyochapwa mwaka 1901, “Safari yangu ya Bara Urusi na ya Siberia”. Huko hakukuwa na simba wala twiga, na neno halikupwaya.

Zaidi ya hayo, safari inabeba kile ambacho ziara haikibebi: muda, mizigo, wachukuzi na taabu ya njiani. Hebu utazame kivuko kimoja tu. Msafiri aliyetoka Ufaransa kuingia Italia mara nyingi alipita Mont Cenis katika Milima ya Alps, na kabla njia ile haijajengwa kuwa barabara ya magari hakuna gari la farasi lililoweza kuupanda mlima likiwa zima. Gari lilifunguliwa vipande vipande, vipande vikafungwa kwenye migongo ya nyumbu, na bwana mdogo mwenyewe akaketi kwenye kiti kilichofungwa miti miwili, akabebwa mabegani na wapagazi kuvuka upande wa pili, ambako gari liliungwa upya kwa ajili ya kuteremkia Torino. Mwaka 1739, mwandishi Mwingereza Horace Walpole akiwa katika milima hiyo, mbwa wake mdogo alinyakuliwa na mbwamwitu mchana kweupe, karibu kabisa na gari. Msomaji wa Kiswahili anayezijua habari za misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, pamoja na machela na wapagazi wake, atayaona hayo yote kwa neno “safari”. Kwa neno “ziara” ataona zulia jekundu.

Kuhusu kivumishi, “-kubwa” na “-kuu” havibadilishani nafasi ovyo. “-kubwa” hupima ukubwa. “-Kuu” hutaja cheo au kitu kinachozidi vingine vya jinsi yake. Mji mkubwa si lazima uwe mji mkuu, na kila Mtanzania anayeilinganisha Dodoma na Dar es Salaam anaujua ukweli huo bila kufundishwa. Ndiyo maana tunasema Ijumaa Kuu, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, barabara kuu. “Safari kubwa” inaweza kuwa yako au yangu, mwezi ujao. “Safari Kuu” ni ile moja inayojulikana. Kwa mara ya kwanza andika “Safari Kuu ya Ulaya” kwa herufi kubwa, kisha “Safari Kuu” yatosha.

Nikija kwenye “kibwanyenye”, hapa kosa si la lugha tu, ni la historia, na wewe ni mwalimu wa Historia. Bwanyenye, kwa matumizi yaliyoshika mizizi tangu siku za Ujamaa, ni tajiri wa mjini, mtu wa biashara na viwanda. Wengi wa vijana hawa walikuwa wana wa wenye ardhi na vyeo vya kurithi, na hao kwa Kiswahili ni makabaila. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lenyewe lilitenganisha mambo ya kibepari na ya kikabaila lilipowakataza viongozi yote mawili. Kabaila na kabila ni ndugu wa asili moja, na kwa Waswahili wa zamani kabaila alikuwa mtu wa ukoo wa juu, kabla siasa hazijamgeuza kuwa mnyonyaji. Ukiona neno hilo bado lina ukali usioutaka, andika “kijana wa ukoo wa kilodi” au, kwa maelezo zaidi, “mtoto wa mwenye mashamba na cheo”. “Mwinyi” ningeliacha: lingefaa zamani, lakini leo “umwinyi” ni uvivu wa ofisini. “Mwungwana” nalo hubeba ndani yake suala la utumwa wa pwani, suala ambalo halina nafasi katika sentensi yako.

“Tyuta” nalo tulirudishe lilikotoka. Mtu huyu alikuwa na kazi mbili zilizogombana kila siku, kumfundisha kijana historia na lugha asubuhi, na kumzuia asiangamie kwa kamari, pombe na mapenzi usiku. Waingereza walimtania kwa kumwita mchezesha dubu, yaani yule anayemzungusha dubu sokoni kwa mnyororo. Utani huo usiutafsiri hivihivi bila kuueleza, maana darasa zima litatafuta dubu. Adam Smith, mwanauchumi Mskoti, alikuwa mmoja wa walimu hao: mwaka 1764 aliacha uprofesa wa Glasgow ili aandamane na lodi kijana wa Buccleuch nchini Ufaransa, kwa malipo ya pauni 300 kwa mwaka yaliyoendelea maisha yake yote, kisha katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa akalalamika kwamba kijana anayepelekwa ng’ambo akiwa na miaka 17 au 18 hurudi akiwa na 21 mwenye majivuno zaidi na bidii kidogo. Mtu wa namna hiyo si mkufunzi, neno ambalo kwetu linadokeza chuo cha ualimu, wala si mlezi peke yake. Shule zetu zinalo jina tayari: “mwalimu mlezi”.

Vitenzi nitavipitia kwa haraka. Ziara haichukuliwi wala safari haichukuliwi. Huko ni kusema Kiingereza kwa sauti za Kiswahili. Ziara hufanywa, safari hufungwa. Na “kupitia Ulaya” kunamaanisha kwamba Ulaya ilikuwa njiani tu, kama mtu anayekwenda Mbeya kupitia Iringa, ilhali hapa Ulaya ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari. Hapa ndipo kitenzi “kuzunguka” kinapopata kazi yake, na kwa bahati njema kinaturudishia ile tour ya Lassels ambayo nomino ilishindwa kuibeba. Kwa hiyo sentensi yako, kwa kalamu yangu, ingesomeka hivi:

“Kijana wa ukoo wa kikabaila alifunga Safari Kuu akiwa na mwalimu wake mlezi, akaizunguka Ulaya kwa muda wa miaka mitatu.”

Mwonyeshe mwenzako. Akiguna tena, muulize kama anakijua “kutalii” kitabu.