Je, mtambo wa biogesi utainyima migomba mbolea?

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaishi Marangu, mkoani Kilimanjaro, na ninafuga ng'ombe wawili wa maziwa bandani. Kuni zimekuwa ghali, nami natamani kujenga mtambo wa biogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na kinyesi, ila mambo mawili yananizuia. Mama mkwe anasema kwamba kinyesi kikienda jikoni, migomba ya kihamba, shamba letu la nyumbani, itakonda, kwa kuwa samadi ndiyo inayoilisha tangu enzi za wazee wake. Tena jirani yetu alijenga mtambo wa mita za ujazo 13 alipokuwa na ng'ombe watano. Leo amebaki na mmoja, na jiko lake halichemshi hata chai. Je, nami nitaishia hapo?
Msomaji, Marangu

JIBU: Mama, nianze na hoja ya mama mkwe, kwa sababu ni hoja ya mkulima anayeijua ardhi yake. Angekuwa na haki kabisa kama mngekusudia kukausha kinyesi na kukichoma kama kuni, kwani kwa njia hiyo karibu naitrojeni yote hupotelea hewani. Ndani ya mtambo mambo ni mengine. Vijidudu visivyohitaji hewa huvunjavunja kinyesi na kutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani, ile inayowaka, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kabonidayoksaidi. Yaani kinachokwenda jikoni ni kaboni, hidrojeni na oksijeni. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambavyo ndivyo mgomba unavyovitafuta, hubaki karibu vyote katika tope linalotoka upande wa pili, tena sehemu ya naitrojeni hiyo huwa imekwisha kugeuka amonia, ambayo mizizi huifaidi mapema kuliko iliyomo katika samadi mbichi. Lakini amonia hiyo huruka upesi tope likiachwa wazi juani. Chimbeni mfereji kuzunguka shina, mlimimine humo na kulifukia siku hiyo hiyo, au mlichanganye na majani makavu katika shimo la mboji lenye kivuli.

Kuna jambo moja ambalo mama mkwe anabaki na haki nalo: tope hili lina kaboni pungufu kuliko samadi ya bandani, kwa hiyo msiache kutandaza majani na vigogo vya migomba shambani.

Kuhusu jirani, sidhani kwamba mtambo wake umeharibika. Nadhani una njaa. Mtambo huu hulishwa kila siku kama ng'ombe mwenyewe, na ukijengwa kwa kufuata ukubwa wa matumaini badala ya wingi wa kinyesi, hautashiba kamwe. Piga hesabu yako hivi. Ng'ombe wawili wanaolishwa vizuri bandani wanaweza kukupatia kilo 30 za kinyesi kibichi kwa siku, nacho huchanganywa na maji ya kiasi hicho hicho, ambayo sehemu yake inaweza kuwa mkojo wao. Hizo ni takriban lita 60 kwa siku, na kwa baridi ya huko mlimani afadhali zikae ndani siku 60, maana vijidudu hivi hupenda joto la karibu nyuzi 35 na hulegea sana likishuka chini ya 20. Jumla ni lita 3,600, yaani mita za ujazo 3.6. Ukiongeza nafasi ya gesi, mtambo wa mita za ujazo 6 unakutosha, na fundi akikushawishi ujenge wa 13, mkatalie.

Kilo moja ya kinyesi hutoa kama lita 40 za gesi, nalo jiko la kawaida hutumia lita 400 hivi kwa saa, kwa hiyo tarajia saa tatu za moto kwa siku, na pungufu mwezi wa Julai. Saa hizo zinatosha chai, ugali na mboga. Makande yanayochemka nusu siku yaachie mafiga.

Mwambie fundi afuate muundo wa kuba linalofukiwa ardhini, ambao CAMARTEC ya Arusha, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, imekuwa ikiuendeleza tangu miaka ya 1980, na alichimbe shimo mahali penye jua, mbali na mizizi ya miti kama migrevilia, kwa kuwa ufa mdogo tu katika kuba huvujisha gesi yote. Maji ya kuoshea banda yenye dawa ya kuua vijidudu yasiingie humo, wala kinyesi cha ng'ombe aliye katika matibabu ya antibiotiki. Gesi ya kwanza iachieni itoke nje bila kuiwasha, kwa maana huwa imechanganyika na hewa na inaweza kulipuka.

Kabla ya kumwita fundi, pima kinyesi kwa ndoo na mizani kila asubuhi kwa siku 7. Ukikuta hakifiki kilo 20, ahirisha ujenzi mpaka upate ng'ombe wa tatu.